Mtu wa Kukusemea

Mollo,
Sumbawanga.
Jumapili, 14 Julai 2024.

Kaka yangu Kalisti,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute una afya na unakula vizuri, wewe pamoja na Calvin aliyekupa nafasi chumbani kwake huko Dodoma. Mpe salamu zangu, ingawa hanijui. Sisi huku hatujambo, tunasumbuliwa na baridi tu. Mwaka huu upepo wa Julai umezidi, na asubuhi mama anaanika mikono juu ya moto kabla ya kushika kitu chochote. Mahindi yote yameingia ndani. Ulezi bado tunapiga. Baba analalamikia mgongo, lakini ukimwambia apumzike anauliza kama mgongo ndio utakaokula.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Unanijua kaka. Kwenye simu sauti yangu hukatika hata mtandao ukiwa mzuri, na haya ninayotaka kukueleza yanahitaji mtu asinikatishe. Mama Mariana anasafiri kesho alfajiri kwenda kumwona binti yake huko, akanikubalia kuibeba. Amebeba pia maharage yako. Mama amefunga fundo kwenye mfuko kwa namna yake, usilikate kwa kisu, anautaka mfuko urudi.

Nataka tuzungumze habari za Mzee Romani. Najua kwamba tangu ile Ijumaa uliyopiga simu hutaki kulisikia jina lake. Ulimwambia baba kwamba umevuka mtihani wa kuandika, umevuka usaili wa mahojiano, watu wa mradi wa mbegu wamebaki kuuliza habari zako kwa watu watatu uliowaandika, na kwamba profesa wako amekusifu, bosi wa shamba ulikojitolea amekusifu, lakini jirani yetu, mzee ambaye shamba lake ndilo lililokupa shahada ya pili, amesema hakujui. Ulisema mzee amekuchoma. Baba alikuwa ameweka sauti ya nje, sote tulisikia.

Naomba usome taratibu, kwa sababu mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Alhamisi ya tarehe nne, kama saa tisa na nusu, nimetoka shule. Simu ya mzee ilikuwa kwetu inachajiwa kama kawaida, maana nguzo za umeme bado hazijafika kwake. Ikaita. Namba ngeni. Niliiacha ikaita mpaka ikakatika, ikaita tena, ndipo nikaipokea kwa sababu mama alinipigia kelele kutoka uani. Akaongea dada mmoja, sauti ya ofisini, akajitambulisha kwa jina la Angela, akamtaka Bwana Romani. Nikamwambia asubiri, nikakimbia nayo mpaka kwa mzee. Nilimkuta anapiga ulezi, nywele zimejaa makapi. Wajua masikio yake, naye hutumia sauti ya nje, kwa hiyo yote niliyasikia nikiwa nimesimama palepale.

Yule dada alimsalimia kwa heshima, shikamoo mzee, akauliza kama yeye ndiye mdhamini wa Kalisti Adriano.

Mzee aliuangusha mti aliokuwa anapigia ulezi. Kaka, sijawahi kumwona mtu mzima akibadilika uso namna ile. Alisema kwa sauti kubwa kwamba yeye hajamdhamini mtu yeyote, alimdhamini mtu mmoja tu katika maisha yake na alikoma, na huyo Kalisti hamjui, wasimpigie tena. Akakata.

Mtu huyo mmoja ni Obed, mtoto wa dada yake. Wewe ulikuwa Morogoro wakati ule, labda hukuisikia habari yote. Obed alishtakiwa kwa plau iliyopotea, mzee akaenda mahakamani akatia dole gumba kama mdhamini, Obed akatorokea Mpanda, na kuanzia hapo aliyekuwa anaitwa mahakamani ni mzee. Ng'ombe wake wawili wa kulimia waliishia huko. Kwa hiyo wewe ukisikia neno mdhamini unaona fomu ya kazi. Yeye huona karani, polisi, na zizi tupu.

Alipokata simu aliniuliza polepole kaka yangu amefanya nini huko mjini. Nikamwambia sijui.

Kesho yake asubuhi, kabla hujapiga simu yako, mzee alikuja kwetu jua halijapanda. Hakukaa hata alipopewa kigoda. Alimwambia baba kwamba jana amefanya jambo baya, amemkana mtoto wa watu kwa woga, usingizi umemkataa, na kama Kalisti kweli yuko mahabusu basi yeye yuko tayari kupanda basi kwenda Dodoma, aweke dole gumba tena. Alikuwa amevaa ile kofia yake ya kanisani. Baba hakuelewa hata neno moja. Alidhani mzee ana homa.

Jioni ukapiga wewe, na baba akaelewa upande mmoja tu. Unamjua baba akikasirika, haongezi sauti, anapunguza maneno. Alikwenda kwa mzee akamwambia kwamba mtoto amesoma miaka kumi na tisa na mzee ameivunja kwa dakika moja, akarudi. Jumapili mzee hakukaa mbele na wanakwaya wenzake, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wakati wa kutakiana amani alikuwa ameshatoka. Pale kwenye mashine ya kusaga, Flavian anayeiendesha hakukosa la kusema. Alisema Masta amenyimwa kazi na jirani yake, kwa hiyo arudi tu, digrii mbili na jembe moja vitamtosha. Watu walicheka. Nilikuwa kwenye foleni na ndoo yangu ya mahindi, nikajifanya natafuta kitu ndani ya ndoo.

Lakini kilichonitisha mimi ni jambo dogo zaidi. Mzee aliacha kuleta simu yake kuchaji. Aliona aibu kupita mlangoni kwetu. Na wewe ulikuwa umemwambia baba kwamba umewabembeleza watu wa mradi wampigie tena Jumatatu, mara moja tu, kabla hawajafunga faili saa kumi. Watampigia mtu ambaye simu yake imekufa tangu Jumamosi!

Jumatatu sikukaa darasani baada ya mapumziko. Nilimwambia mwalimu wa zamu kwamba naumwa tumbo. Nilipanda baiskeli kutoka mjini, upepo wote ukinipiga usoni, nikafika kwa mzee saa nane na robo. Hayupo. Yuko shambani. Simu nikaikuta juu ya dirisha, nyeusi kama jiwe. Nikaichukua bila ruhusa, nikaenda nayo nyumbani, nikaichomeka, nikakaa nayo kama mtu anayemwuguza mgonjwa. Ilichukua muda kuwaka. Saa tisa kasoro ikawaka, nikasubiri waite. Hawakuita. Saa tisa na dakika kumi nikawaza kwamba labda wameshaita wakati imezimika, na hiyo mara moja imekwisha.

Kaka, unakumbuka jinsi nilivyokuwa nakataa hata kumpigia shangazi kumshukuru kwa sketi? Mimi nilipiga. Nilitafuta namba ya Alhamisi, nikapiga, na dada Angela alipopokea, nilisahau salamu. Nikaanza katikati. Nilimwambia kwamba huku kwetu mdhamini ni mtu wa mahakamani, na mzee alidhani Kalisti amekamatwa, na alikuwa tayari kuja Dodoma kumtoa, kwa hiyo mtu aliyesema hamjui ndiye aliyevaa kofia kumfuata. Nilisikia akifunua karatasi. Kisha akauliza mimi ni nani. Nikasema mdogo wake. Akasema mdogo wake hahesabiwi, anamtaka mzee mwenyewe, na ana dakika thelathini.

Chaji ilikuwa ya vijiti viwili tu kwenye kioo. Nilikimbia nayo mkononi, baiskeli niliiona inanichelewesha kwenye yale matuta. Nilimkuta mzee kwenye ukingo wa shamba. Nikamwambia, nikihema, kwamba Kalisti hajakamatwa, yuko salama, na hawa wanataka mtu wa kumsemea tu. Aliuliza mara mbili. Mtu wa kumsemea? Kumsemea tu? Akavua kofia, akaniomba nimpigie.

Haya ndiyo aliyosema, nimeyaandika siku ileile nyuma ya daftari la Baiolojia ili nisiyaongezee. Alisema anamjua Kalisti tangu anabatizwa. Alisema watu wengi wamekuja kwenye shamba lake kutazama ntumba, vile vilima vya udongo tunavyofukia majani ndani yaoze, wakapiga picha, wakaondoka. Kalisti alikuja misimu miwili. Alichota udongo kwa kijiko, akauandikia jina kama mtoto, akaenda kuupima. Wengine huchukua, hawarudi. Huyu alirudi, akakaa chini, akamsomea majibu ya udongo wake kwa Kifipa mpaka akaelewa, na alipokuta mzee anajua kitu ambacho kitabu hakikijui, alikifuta alichoandika akaandika upya. Dada Angela aliuliza kama angempa kazi mtu huyo. Mzee akasema yeye hana kazi ya kumpa mtu, ila shamba lake angemwachia. Hapo simu ikazimika. Hatujui kama neno la mwisho lilifika.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo.

Siku ile ya Mei ulipokuwa unaondoka, tukiwa stendi, uliniachia kazi moja. Uliniambia kwamba hukumtajia mzee neno mdhamini, ulimwambia tu umemwandika kwenye fomu, na kwamba wakipiga simu watalitumia neno hilo naye ataogopa. Ukasema Domi, wewe ndiye mwenye maneno, mweleze kwamba ni mtu wa kunisemea. Nikakubali. Na ile Ijumaa, baada ya kumfokea baba, ukaomba unipate mimi, ukaniuliza kama nilimweleza mzee. Nikasema nilimweleza.

Sikumweleza, kaka. Si mwezi wa tano, si wa sita, wala siku ile nilipokuwa nimesimama mbele yake na simu iko wazi. Mzee alinitazama akiwa na hofu, nami neno lenyewe lilikuwa hapa kooni. Ningesema maneno matatu tu. Umekuwa ukimlaumu mzee kwa kosa langu, na baba pia, na mimi nikawaacha kwa siku tisa nzima.

Natamani nikuambie ni haya zangu zile. Kila mtu angeamini. Lakini haya zilikuja baadaye. Kilichotangulia ni kwamba niliwaza, wakimkataa atarudi. Miaka hii miwili uliyokaa nyumbani ukituma maombi, ilikuwa mibaya kwako, nilikuona jinsi ulivyokuwa unapita nyuma ya mashine ili Flavian asikuone. Kwangu mimi ilikuwa mizuri. Tulikuwa tunafanya usaili jikoni, mimi nimekalia ndoo kama mwenyekiti wa jopo, nakuuliza kwa nini tukuajiri wewe, unajibu, nakupa maksi, mama anatuambia tusiunguze mboga. Ulikuwa unanisikiliza nikisoma. Tangu uondoke nasoma kimya. Basi kwa muda wa pumzi moja nilitaka ukose, na pumzi hiyo ilitosha.

Mzee nilimwambia Alhamisi. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kupepeta ulezi wake, kisha akasema kumbe tuliokukana ni wawili, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa kunyamaza, na kwamba yeye ameshakusemea, sasa ni zamu yangu. Baba na mama nimewaambia leo baada ya misa. Mama alilia. Baba alichukua kofia yake, akaenda kwa mzee, na mpaka sasa ninapoandika hajarudi. Nadhani ni jambo zuri.

Umesema majina yatatoka Ijumaa. Mama Mariana atafika kwako Jumanne. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Ningesubiri, kama umepata ungenisamehe kwa furaha bila kufikiri, na kama umekosa ungenichukia bila kufikiri. Nataka unihukumu wakati wewe mwenyewe bado hujui. Na ukipata, nenda kaka, hata kama ni mbali. Sasa ninaweza kupiga simu.

Baba na mama wanakusalimu. Flavian naye anakusalimu, anasema ukipata kazi umkumbuke, yeye alikuwa anatania. Mzee Romani anakusalimu sana. Simu yake iko hapa mezani kwetu, imejaa chaji, na amenituma nikuandikie kwamba wakipiga tena, hata wakiwa polisi, anakujua.

Ni mimi mdogo wako,
Dominika.