Sauti ya Baba Haikukaa Kwenye Spika

Karatu, Jumatano baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo, na salamu ya amani iwafikie wote hapo Kondoa. Vipi magoti, yanakuruhusu sasa kuswali umesimama? Mtama mmeshavuna? Mimi mwili mzima, nakula, naamka. Moyo ndio usiniulize kwanza. Na wewe wifi Rehema unayemsomea mama, mkalishe vizuri, soma taratibu, na usiruke mahali hata ukiona ninajiaibisha.

Mama, Ijumaa ya kwanza ulipopiga nilikwambia umeme umekatika. Ya pili nikasema simu imeingia maji. Ya tatu niliitazama ikiita mpaka ikachoka. Nilikudanganya. Umeme ulikuwepo na simu ni nzima. Sikuwa na kinywa cha kukuambia, ndiyo maana nimeshika kalamu kama mtoto wa shule.

Sauti ya baba imepotea.

Ngoja nieleze. Zile mashine zetu tatu za kubembeza watoto kwa sarafu, gari, ndege na farasi, unajua mwenyewe kwamba gari na ndege ni za kusubiria zamu tu. Mtoto anamtaka farasi. Wanakuja hata watoto wa Kakesio kule mbali, wazazi wao wakileta mifugo mnadani. Sasa siku nne kabla ya Idd, farasi akaanza kumeza sarafu bila kutikisika. Unatia mia mbili, kimya. Unampiga kofi la mgongo, kimya. Nikamfungua tumbo, nikakuta bodi, ile sahani ya umeme inayomwendesha, imeungua upande mmoja.

Desturi yetu sisi wa mashine baba ndiye aliyenifundisha: bodi ikiungua hakuna kusubiri itengenezwe. Unampelekea fundi Arusha kwa basi, unaongeza kidogo, anakupa nyingine nzima. Yako inabaki kwake, ataitengeneza ampe mwingine. Baba alifanya hivyo miaka yote kwa gari na ndege. Farasi hakuwahi kuharibika tangu marehemu baba alipomtia sauti yake ya kusalimu watoto.

Mimi na ujuaji wangu nikasema, bodi iende, lakini sauti ya baba haitoki nyumba hii. Basi nikafungua spika, mama. Nikaifuta vumbi, nikaifunga kwenye kanga yako ya kijani, nikaiweka kabatini na ufunguo nikautia kifuani. Bodi nikampa kondakta wa basi. Siku ile nilijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote Karatu.

Bodi ikaja kesho yake. Nikaifunga, nikarudisha spika mahali pake, nikatia sarafu. Farasi akaimba Kichina.

Nikampigia fundi papo hapo. Akacheka kwanza, halafu akaona mimi sicheki. "Dada, sauti haikai kwenye spika. Spika ni mdomo tu. Maneno yamo kwenye bodi."

"Basi nirudishie bodi yangu, nakuja leo leo."

"Nilishaitengeneza asubuhi. Nimemfungia jamaa mmoja kwenye farasi wake, kaondoka."

"Jamaa wa wapi?"

"Sijui dada. Alikuja na lori la Fuso, akalipa, akaenda zake. Hata jina sikumuuliza."

Nilikwenda hata hivyo. Nilikaa dukani kwake siku mbili nikiuliza kila mwenye Fuso. Wengine walinipa pole, wengine walinitazama kama nimerukwa na akili. Nikarudi mikono mitupu.

Siku ya Idd akaja baba Naserian na bintiye, yule mfugaji wa Kakesio aliyekuwa akimletea baba maziwa. Ni Mkristo, lakini sikukuu yetu haimpiti. Unajua watoto wa Kimaasai, wakikutana na mkubwa wanainamisha kichwa waguswe, ndiyo salamu yao. Naserian humfanyia farasi hivyo hivyo. Anatia sarafu, anainama, anangoja baba aseme, "Marahaba, mjukuu wangu! Shika masikio, usiogope, babu nipo hapa." Ndipo apande.

Akatia sarafu. Akainama. Farasi anatikisika na kuimba Kichina chake, mtoto kainama vile vile.

"Panda, Naserian," nikamwambia.

Baba yake akasema kwa Kiswahili chake cha Kimaasai, "Huyu nangoja salamu. Mzee nakwenda wapi?"

Mama, nikasogea, nikamwekea mkono kichwani, nikasema, "Marahaba, mjukuu wangu." Maneno yote nayajua, lakini yalitoka na sauti yangu hii ya mkwaruzo. Mtoto akainua macho akanitazama kwa adabu. Halafu akageuka, akamwinamia farasi tena, mpaka sarafu ikaisha. Nililia pale pale mbele ya watu, sikuona haya.

Nimewaza kila namna, mama, sioni la kufanya. Mahali fulani, sijui Singida, sijui Kahama, baba anaitikia shikamoo za watoto nisiowajua, anawaambia wasiogope, yupo. Sisi watu wake hatumsikii. Siku hizi natembea na sarafu mfukoni. Mji wowote nikifika, nikimkuta farasi wa watoto namlipia mtoto wa mtu, nasimama pembeni nasikiliza. Watu waniseme.

Nisalimie kaka na umwambie matusi yake nitayapokea, nimeyastahili. Shangazi aliyemshonea farasi kile kitambaa cha mgongoni, mpe salamu zangu, kitambaa kingali kizima. Mwenye nyumba wangu hapa, mama wa Kiiraqw mwenye duka la mahindi, anakupa pole.

Ijumaa ulipokuwa ukipiga natia sarafu, nasogeza simu shingoni kwa farasi, unamsikia mpaka mwisho, halafu unasema, "Tia nyingine." Ijumaa hii piga, mama. Sina cha kutia. Lakini nitapokea.

Mwanao,
Mwajuma