Dakika Tano za Kunyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Fomu zimetoka tena. Miaka mitatu imekwisha upesi hivyo! Hospitali yetu haina mwenyewe wa kutajirika nayo. Kinachobaki kinarudi kwa watu. Kwa hiyo kila miaka mitatu tunatoka nje ya geti, nyumba kwa nyumba, kuuliza wanaumwa nini na wanakosa nini. Majibu ndiyo yanayoamua kliniki ndogo ifunguliwe mtaa upi. Fomu mkononi, mashine ya presha begani. Mimi muuguzi, lakini kazi hii naipenda kuliko wodi. Wodini mtu ni kitanda namba saba. Kwake ana sufuria, ana ugomvi na jirani, ana redio mbovu.

Msimamizi kagawa mitaa. Tunamwita Sawasawa, maana kwake kila kitu sawasawa, hata gari la wagonjwa likigoma njiani. Kanipa mtaa wa nyuma ya soko la mbao. Mtaa wa Dada! Nikasema mguu unaniuma, kule kuna kilima. "Sawasawa." Kampa mwenzetu Fundi.

Hakuna kilima kule. Tambarare tupu.

Jumatano, 5 Machi

Nyumba kumi na nne. Swali la tisa: ukiugua, nani anakutazama? Bibi mmoja kanijibu, si wewe hapa umekuja? Tumecheka wote wawili. Kisha nikaandika: hana mtu. Jibu hilo limenifuata hadi nyumbani.

Namkumbuka Dada. Nasema wazi, humu hakuna wa kunisikia. Nakumbuka anavyonipigia kelele kutoka jikoni, "Kidonge! Chai inapoa!" Kidonge ndilo jina alilonipa siku nilipovaa sare ya uuguzi. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Miaka miwili na miezi minane sijalisikia. Nimejaribu kujiita mwenyewe mbele ya kioo. Upuuzi mtupu.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi karudi na fomu zake. Alikuwa fundi cherehani miaka ishirini kabla ya kujiunga nasi kama mhudumu wa jamii, na hadi leo akiuona mkono anajua mkanda gani wa mashine ya presha utaukaa. Mkanda ukizidi mkono, presha inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Wengine tunasahau. Yeye hasahau.

Akawa ananisimulia, bila kujua anasimulia kuhusu nani. Nyumba ya mwisho kabisa, mlango wa buluu. Mama mmoja mkali, mcheshi. Mkanda wa kawaida ulimpwaya, ikabidi atoe ule mdogo.

Mkanda mdogo! Dada! Mikono ile ilinibeba mimi na ndoo ya maji kwa pamoja.

Presha mia na themanini na mbili kwa mia na kumi. Fundi kamwambia twende hospitali sasa hivi. Kakataa. Eti pale hakanyagi, watampeleka akiwa hajijui. Nikaomba fomu. Swali la tisa, mwandiko wa Fundi: "Ninaye mdogo wangu. Ana kazi nyingi."

Nimeisoma chooni, mlango nimeufunga.

Jumapili, 9 Machi

Siendi. Naogopa. Mgonjwa mwingine mwenye namba hiyo ningemfuata jioni ileile, na mvua juu. Dada yangu mwenyewe siku mbili sasa.

Acha niandike, labda itatoka.

Miaka mitatu iliyopita Mama alikuwa wa mwisho kwenye orodha yangu. Waliishi pamoja, yeye na Dada. Nilikuwa nimechoka, na wiki ile ile nilikuwa nimemwona akimenya viazi, anacheka. Nikajaza fomu yake ofisini. Mama si ninamjua? Presha: mia na ishirini na nne kwa sabini na nane. Hata namba nikachagua nzuri. Ikahesabiwa na nyingine, na kliniki ya presha ikapelekwa mtaa mwingine. Fomu moja haihamishi kliniki, najiambia. Lakini ilihesabiwa.

Miezi minne baadaye, kiharusi. Pale mapokezi karani akaitoa kadi ya Mama, akasoma kwa sauti: alipimwa nyumbani, tarehe fulani, presha iko sawa. Tarehe hiyo Dada alishinda na Mama kutwa. Hakuna aliyebisha hodi. Aliniangalia tu. Tulipotoka kuzika akasema, "Wewe mji mzima umeupima. Mama ukamkadiria."

Hajaongeza neno tangu hapo. Na mimi kazini sijamwambia mtu. Kila siku nawaimbia watu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwimbaji hodari mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Sawasawa. Yote, na namba zile. Nilisimama, sikukaa.

Hakusema sawasawa. Kwa mara ya kwanza! Alivua miwani, kisha akasema niandike kwa mkono wangu, itakwenda kwenye bodi, na yatakayofuata hayajui. Nikaitikia. Nilipofika mlangoni akaniita. Yule mama wa mlango wa buluu lazima muuguzi arudi kumpima, Fundi ameshasema mara tatu. Nani anaenda?

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Mguu umepona?" akauliza. "Maana mimi nimekulia mtaa ule. Sikumbuki kilima."

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapahapa, mezani kwa Dada.

Alifungua mlango, akaangalia begi, akaniangalia. "Umekuja kupima au kukadiria?" Nikasema kupima. Nikasema jana nimekiri kazini. Akavuta kiti cha Mama, akakaa.

Kabla ya kupima, mtu hutulia dakika tano. Mgongo kwenye kiti, miguu chini, hakuna kuongea, si yeye si mimi. Nikamweleza. Akacheka kwa pua: kunyamaza tu? Hilo mbona sote tuna uzoefu!

Nimetoa daftari hili nisimkodolee macho. Mkono wake uko mezani, kiganja juu. Umekonda kweli. Alama ya moto ya mwiko bado ipo kwenye kiwiko. Mkanda mdogo nimeuweka tayari. Ningependa kuushika mkono huo bila mkanda.

Dakika ya pili. Vikombe viwili viko kwenye sinia. Sijui kama ni vya leo.

Dakika ya nne. Anapumua kwa shida kidogo. Hata akikataa, sitoki hapa bila yeye. Tutakwenda hospitali pamoja, hata kama atanikaripia njia nzima. Anikaripie tu, jamani.

"Kidonge."

Kasema! Nimeinua kichwa.

"Unaandika namba gani hapo, nawe hujanipima?"

Nimemgeuzia daftari. Kasoma polepole, kidole kikifuata mistari, karudia tena juu. Kisha kanirudishia. Mkono hakuutoa mezani.

Ila kaongea. Aliyeongea anaanza upya, ndiyo utaratibu, na leo sikadirii kitu. Dakika tano nyingine. Nimemwambia. Kaitikia kwa kichwa, kafumba macho.

Dakika ya kwanza.