Dada, Nitafutie Maneno

2 Machi

Dada yangu,

Kaa kwanza ndipo usome, nisije nikasingiziwa kukuvunja kiuno. Mdogo wako nimekuwa msimamizi. Ndiyo, mimi huyu niliyeacha shule na daftari moja na nusu. Bahati ikimpenda mtu haimwombi cheti. Nina watu kumi na wawili chini yangu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na nikikohoa mashine zinanyamaza.

Afya yangu chuma. Mguu wa Mama unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma?

Sasa nisaidie. Hapa watu huandikiwa kadi kwa Kiingereza: ya kijani ni sifa, ya njano ni lawama. Njano tatu, unafungasha. Kiingereza cha kusalimia ninacho cha kugawa, lakini cha kusifu na kulaumu kimeniishia. Wewe mwalimu, nitumie maneno na maana zake. Nina mfanyakazi mmoja wanamwita Umeme, kwa wepesi wake. Miezi mitatu mfululizo kapata kijani, imeandikwa "efficient", imebandikwa ukutani. Anavyoitazama kila asubuhi, utadhani picha ya mchumba.

Mdogo wako, bosi mzima

15 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika, nasi hatujambo. Mguu wa Mama umepona nusu kwa habari zako tu. Amenifanya niwasomee majirani barua yako mara nne. Shemeji yako anakoroma, tumeshazoea.

Maneno haya hapa. Sifa: "diligent" ni mwenye bidii hata asipoangaliwa. "Thorough" ni anayefika mpaka pembeni, habakishi. "Efficient" ni anayemaliza kazi vizuri bila kupoteza muda, na hiyo "vizuri" inatangulia. Lawama: "slow", mzito. "Careless", asiyeangalia. "Negligent" liweke chini kabisa ya sanduku, hilo linaua kazi ya mtu.

Usimwandikie mtu neno usiloweza kumwambia usoni. Na huyo Umeme mchunge. Mgema akisifiwa, unajua mwenyewe.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Wasalimie wote. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia, nadhani ni joto la mashine.

Kuna jambo. Kazi ya Umeme ni kufungua mifuko ya shuka chafu, kuzikung'uta moja moja aone kama kuna kitu kimesahauliwa ndani, kisha anatia sahihi karatasi ya mfuko kwamba ni salama. Mfuko unakwenda meza ya pili, kwa mama mmoja tunamwita Mama Taratibu. Wiki iliyopita aliingiza mkono, akachomwa na sindano ya mgonjwa. Ilipita kwenye glavu. Vipimo vya kwanza vya damu ni vizuri, lakini lazima asubiri vya pili.

Umeme kaniambia mimi peke yangu: kila asubuhi husaini karatasi zote kumi kabla ya kufungua mfuko hata mmoja, mkono usije ukasimama na kijani ikapotea. Na mfuko ule aliupitisha bila kuukung'uta.

Ofisi inataka maelezo. Akisema sindano ilijificha kwenye pindo, ataandikwa "careless" yeye, na mama ataandikwa kwa kuvaa glavu nyembamba. Kwa mama hiyo itakuwa njano ya tatu. Akisema kweli, ni "negligent", na hiyo haingoji njano tatu: anapoteza kazi na chumba cha kampuni. Mlango ukigongwa tu, moyo wangu unaruka. Wake, namaanisha.

Hilo "negligent" lina uzito gani hasa? Na wazungu wana neno la mtu aliyekosa na sasa anaogopa mkono wake mwenyewe?

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama anauliza mbona mwandiko wako umetetemeka.

"Careless" ni aliyepitiwa. "Negligent" ni aliyeujua wajibu wake, akauacha, mwenzake akaumia. Ndilo lake, usilipunguze hata gramu. Wewe ndiye msimamizi, unangoja nini? Mama wa watu anangoja damu yake, nanyi mnatafuta pa kumbandikia lawama.

Neno la anayejuta lipo, "remorseful", lakini hilo huandikwa na wengine. Mwenye kosa huanza na "mimi". Mwambie aanzie hapo, kwa lugha yoyote.

Dada yako

21 Aprili

Dada,

Leo salamu zitakuja nyuma, nisamehe. Barua yako niliisomea chooni, nimefunga komeo.

Jumatano nilimfuata Mama Taratibu kantini, kabla ya kwenda ofisini. Nikamwambia yote. Hakuacha kukoroga chai.

"Nilijua," akasema. "Siku ile saa moja asubuhi karatasi ina sahihi na wino umekauka, mfuko bado una fundo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kwani niliyesaini ni mimi?"

Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema usiku hamgusi mumewe, na kikombe chake amekitenga na vya wanawe, ingawa daktari amemwambia si lazima. Vipimo vya pili ni mwezi wa sita. Nikasema nitangoja naye. Akasogeza bakuli la sukari upande wangu.

Ofisini nilianza na "mimi". Wameandika kadi moja tu, ya njano, na neno ni lile uliloniambia niliweke chini ya sanduku. Ya mama haikuandikwa. Kazi imekwisha, na chumba cha kampuni nakirudisha Jumamosi. Nimepata pa kujibana kwa rafiki, siondoki mji huu mpaka mwezi wa sita. Naogopa, dada. Nikiona sindano hata ya kushonea, jasho linanitoka.

Wasalimie wote. Na majirani uwasomee hii pia, mara nne kama ile. Sikuwahi kuwa msimamizi hata siku moja. Umeme ni mimi.

Mdogo wako