Vifuko vya Herieth

Kitanga, Kasulu
4 Mei 2025

Mwanangu Herieth,

Mwakeye. Mimi mzima, mgongo tu, nao umeshazoea. Hapo Morogoro mnalala salama?

Kondakta wa basi ameleta kifurushi. Vifuko sita vya kitambaa, karatasi sita za njano, maelezo hakuna. Miezi saba hujaja nyumbani, halafu unanitumia vifuko kama vya majani ya chai! Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la mihogo, kwa hiyo andika. Tena kwenye simu huwa unanikatisha.

Nimesikia kwa Bazilio wa dukani kwamba vinatoa sumu ya mihogo michungu kwa saa tano. Mimi naloweka siku nne. Nilianza na ndoo moja, leo nina mapipa kumi na moja, na hakuna hata mtu mmoja aliyeumwa kwa unga wangu. Unajua Mama mdogo wako Philomena anatembea na fimbo mbili tangu ile njaa, kwa mihogo iliyotolewa majini mapema. Kwa hiyo nieleze vizuri, au nivirudishe.

Mama yako


Morogoro
17 Mei 2025

Shikamoo Mama,

Pole na mgongo. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha. Nisamehe kwa kifurushi kisicho na barua, nilikimbilia basi.

Hapa maabara tunafuga bakteria kwenye mitungi na kuwalisha sukari. Wakishiba, wanajiwekea akiba mwilini: vijipunje vya plastiki laini, vidogo kuliko vumbi la unga. Tunavitoa vile vijipunje na kushikiza juu yake kimeng'enya, kile kinachovunja sumu ya muhogo ikatoka kama hewa. Kimeng'enya peke yake ukikimwaga majini, kinaenda na maji. Kikishikizwa kwenye punje kinabaki kifukoni, unakitumia tena na tena.

Saga mihogo mibichi, weka maji, tumbukiza vifuko, koroga kila baada ya nusu saa, saa tano. Sufuria iwe nje, isiwe ndani ya nyumba. Kisha suuza vifuko. Unga ukikauka upime: kijiko kimoja na maji kidogo kwenye chupa, ning'iniza karatasi, funika hadi kesho yake. Ikibaki njano, kula. Ikiwa kahawia, mtu asiguse.

Nimeandika kurasa tatu, Mama. Usivirudishe.

Mwanao, Herieth


Kitanga
8 Juni 2025

Herieth mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kikirudi, nenda hospitali, usijifanye daktari wa bakteria.

Nimefanya. Raundi ya kwanza debe moja, karatasi njano. Ya pili debe moja, njano. Nilipima zote mbili kwa sababu sikuamini, na bado siamini sana. Ila nakiri: saa tano ni saa tano.

Sasa mjukuu wa Philomena anapokea komunio ya kwanza tarehe 22 kule Kitahana, Kibondo. Wageni themanini. Nimeahidi unga, na kwa siku nne nne mapipa hayanitoshi na oda za shule. Kwa hiyo kesho nasaga debe mbili kwa vifuko vyako. Vilishaanza kunuka, nikavichemsha dakika ishirini, kama tulivyochemsha kila kitu nilipokuwa mfanya usafi kambi ya wakimbizi Mtabila wakati wa kipindupindu. Vimetoka vyeupe kama vipya.

Tarehe 18 napanda kwenda Kibondo na unga wangu.

Mama yako


Morogoro
17 Juni 2025

Mama,

Shikamoo, na leo siulizi mengine. Barua yako nimeikuta jioni hii, nilikuwa shambani na wenzangu siku nane. MTU YEYOTE ASILE HUO UNGA. Kimeng'enya kikichemshwa kinakufa. Punje zinabaki, weupe unabaki, kazi haipo. Kosa ni langu, si lako.

Simu ya Bazilio inaita tu. Ya Mama mdogo haipatikani. Ruhusa nimepewa kuanzia Jumapili, nitafika misa imeshakwisha. Barua hii nampa kondakta wa basi la Kibondo akuwahi stendi. Mama, namfikiria Mama mdogo na zile fimbo.

Herieth


Ujumbe kwa Herieth, kwa simu ya kondakta
19 Juni 2025

HAKUNA ALIYEKULA. BAKI KAZINI. BARUA INAKUJA NA BASI HILIHILI. MAMA YAKO


Stendi ya Kibondo
19 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Pumua kwanza. Kondakta amenipa dakika ishirini, naandikia juu ya gunia.

Nilifungua chupa tarehe 11. Karatasi ikawa rangi ya tofali. Moja inaweza kunidanganya, ndiyo maana niliweka chupa mbili: ya pili nayo tofali. Debe zote mbili nimezika kwenye shimo la kufika kiunoni, hata kuku hakuonja. Siku hiyohiyo nikaloweka mapya, nikaambia shule wasubiri. Siku nne majini, mbili juani, jana kinuni kwa mashine ya Tharsisi. Karatasi leo asubuhi: njano.

Sasa yangu. Kurasa tatu, mistari tisini na moja, nimehesabu leo upya. Sukari ya bakteria ipo. Neno la kuchemsha halipo! Nani asingechemsha kitu kinachonuka? Utaandika kwenye kila kifuko, kwa herufi kubwa.

Na jingine, ambalo sijawahi kukwambia. Mihogo ile ya mwaka wa njaa niliitoa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mama alikuwa amelazwa, wadogo wanalia. Nikaitoa siku ya pili. Ndiyo maana nahesabu.

Nilimwambia Philomena jana jioni, alipokuja kunipokea hapa Kibondo, nikiwa bado nimeshika chupa yenye karatasi. Nikampa ile ya mwisho, nikasema, "Jipimie mwenyewe unga wa sherehe yako." Akacheka mpaka fimbo moja ikaanguka.

"Yusta we, nilikuona ukiitoa. Miaka thelathini na tisa nakula ugali wako, karatasi ilikuwa wapi?"

Karatasi amenirudishia. Nimeifunga ndani ya barua hii, itakufaa kwa vifuko vipya. Tuma kumi na viwili.

Kondakta anapiga honi.

Mama yako