Neno Nyuma ya Pikipiki ya Irakoze

Jumatatu, 27 Oktoba

Kuanzia hapa Gongoni hadi Ujiji hakuna mwenye macho ambaye hajawahi kunisoma. Hakuna! Maprofesa wanaandika vitabu, vinaliwa na mchwa. Mimi Mhoja naandika maneno kwenye madigadi, ile mipira ya kuzuia matope nyuma ya bodaboda. Padre akiwa nyuma ya pikipiki — ananisoma. Sheikh — ananisoma. Mheshimiwa ndani ya gari la vioo vyeusi — atake asitake, ananisoma. Na kidato cha pili sikumaliza! Wanasema kilinishinda. Uongo. Mimi ndiye niliyekishinda, nikakihurumia, nikakiacha.

Leo Irakoze kaleta pikipiki yake. Ile nyekundu, silensa imetoboka, ukiisikia unadhani trekta lina kikohozi. Anataka neno la kutisha. Nikamwambia andika UTULIVU, abiria wataongezeka. Akasema, "Mpagazi wewe, umezoea kubeba mizigo, utajua nini kuhusu abiria?"

Ananiita Mpagazi kwa sababu mimi Mnyamwezi na babu zetu walibeba mizigo ya Waarabu. Mimi namwita Mrundi. Mrundi gani! Kazaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, kakulia Ulyankulu, uraia anao, Kinyamwezi chake kinanishinda mimi. Mama yake ndiye aliyevuka mpaka, na alivuka mgongoni kwa mama yake, mwaka 72, wakikimbia mauaji ya kwao.

Basi nikampa neno kutoka kwa bibi yangu Minza. RUGARUGA. Wale wapiganaji wa Unyanyembe wa zamani, manyoya kichwani, hawaogopi mtu. Bibi anasema wengi hawakuwa hata wenyeji, walikuwa watu waliotoka mbali, anayewalisha ndiye wanayempigania. Nimeandika njano juu ya nyeusi, kivuli chekundu. R ya kwanza ina mkia kama wa kenge. Sijawahi kuandika R kama ile.

Jumatano, 29 Oktoba

Siku ya kura. Saa sita mchana mtandao ukaenda. Nikadhani bando limekata, nikaitukana simu. Kumbe wote.

Redio ya Idrisa, muuza kahawa wetu, inapiga muziki tu. Mpwa wake kapiga kutoka Dar: vijana wametoka barabarani, matairi yanawaka, anasikia milio ya risasi. Kisha simu kimya. Idrisa kaishika sikioni muda mrefu baada ya kukatika. Anasema "haloo, haloo" kama mtu anayemwita kuku.

Hapa kwetu hakuna kitu. Kimya. Kimya cha msiba ambao maiti bado iko njiani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kijiweni hakuna abiria, kwa hiyo tumetawala dunia.

Idrisa kasema waje watu wa nje watuamulie. Waje hata majirani, wasimame katikati watutenganishe kama mbuzi wanaopigana. Vijana wawili wakampigia makofi. Mwingine kasema watu wa nje ndio wameleta haya yote, wametumwa, kasikia kwa mtu mkubwa. Mtu mkubwa gani, hasemi.

Mimi nikasimama. Nikawaambia nchi hii haiingiliwi, nchi hii ndiyo inayoingia! Nani aliyempiga Amin? Nani kaenda Komoro? Nani yuko Kongo? Sisi ndio kaka mkubwa, kaka mkubwa nani atamtenganisha?

Nikashangiliwa. Halafu Mzee Ngollo, ambaye alikwenda Uganda kweli na mguu wake haukurudi mzima, akasema polepole, "Kampala walitupokea kwa nyimbo. Wasichana walitupa maua. Baada ya miezi michache wasichana wale wale wakawa wanatuuliza, kwa heshima kabisa: mnaondoka lini?"

Nikamwambia, shikamoo Mzee, lakini maua ulipata! Kacheka kidogo tu.

Ndipo Irakoze, amelala juu ya tangi la pikipiki kama mjusi: "Jamani, mgeni peke yake hapa ni mimi. Mkitaka uingiliaji wa kigeni niwekeeni lita mbili, nianze sasa hivi." Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hata yule wa "wametumwa" alicheka.

Naandika nikiwa bado nacheka. Mshenzi yule.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimesimama mbele ya bunduki. Mimi, Mhoja. Isisahaulike.

Asubuhi tulitoka na Irakoze kwenda Ulyankulu, kumpelekea mama yake dawa ya presha na mfuko wa sukari. Nje ya mji kuna kizuizi. Gogo barabarani, gari pembeni, watu watatu. Wawili wana sare, wa tatu hana, ana miwani.

Kijana mmoja wa sare lafudhi yake ya Pwani kabisa. Nikamuuliza, Mzaramo? Akasema ndiyo. Nikashangilia! Mtani wangu! Wazaramo na sisi ni watani tangu babu zetu wanashusha pembe za ndovu kwao Pwani. Mtani unaweza kumtukana mama yake na hakasiriki. Ukifa anakuja kwenye maziko yako anakucheka jeneza likiwa wazi, na ni haki yake. Tukataniana. Kaniita mla panya, nikamwita mla chaza. Mambo yalikuwa mazuri.

Halafu yule wa miwani akazunguka nyuma ya pikipiki. Akasoma madigadi. Akamwambia Irakoze: teremka.

Irakoze kaonyesha kitambulisho. Yule akaangalia jina tu. "Irakoze. Jina la wapi hili?"

"La Ulyankulu, afande."

Nikaingia kati. Nikasema huyu ni raia, nikasimama mbele ya bunduki kabisa, nikawaambia mkimchukua huyu nichukueni na mimi! Hawakunichukua. Wakampandisha garini, pikipiki wakaisukuma wenyewe. Mimi nikaambiwa nigeuke nitembee. Nimetembea na jua lote lile na mfuko wa sukari mkononi.

Atarudi kesho. Watagundua ni mjinga tu.

Jumapili, 2 Novemba

Hajarudi.

Nimesimulia kijiweni. Mara ya kwanza bunduki moja. Mara ya tatu zimefika nne, na moja ilikuwa inagusa kifua changu. Idrisa kanipa kahawa bure. Kasema, "Kumbe wewe mwanaume!" Sikujibu. Mimi, sikujibu!

Nyumbani nikamsimulia Bibi Minza. Hakutazama juu, alikuwa anachambua mlenda. Kasema njia ile ya Ulyankulu ni ile ile ya wapagazi. Mpagazi akianguka, mzigo wake anatwishwa mwingine, safari inaendelea. "Mzigo haukupotea hata siku moja, mjukuu wangu. Ulifika Ujiji. Mtu ndiye anayebaki."

Nikamwambia Bibi, ya kale hayo.

"Sawa," akasema. "Ya kale."

Jumanne, 4 Novemba

Mtandao umerudi. Simu imelia kama imechanganyikiwa. Watu wanatumiana picha. Nimeangalia mbili, nikaiweka simu chini ya mto.

Nimemwandikia: Mrundi uko wapi. Tiki moja.

Nikamwandikia: Mpagazi anakuita. Tiki moja.

Mchana nimesikia silensa yake. Naapa! Kile kikohozi. Nimetoka mbio na brashi mkononi, rangi ikinidondokea mguuni. Barabara tupu. Mbuzi mmoja tu. Jirani kaniuliza unamkimbilia nani. Nikasema mteja.

Jumatano, 5 Novemba

Mama Rustika amekuja, mama yake Irakoze. Kapanda lori la mkaa kutoka Ulyankulu. Kavaa kitenge cha kanisani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akashika mkono wangu na hakuuachia.

Kazunguka kila mahali pa kuuliza. Kote wanamwambia hapa hayupo. Cheti chake cha uraia kiko ndani ya nailoni, anakitoa, anakirudisha. "Nimewaonyesha. Mmoja kaniuliza kama ni cha kweli. Nikamwambia mwanangu, ni cha kweli kuliko meno yangu."

Idrisa kasema, Mama, tupige kelele nje! Kuna redio za nje, kuna mashirika, kuna balozi. Wale wakisema neno, hawa wataogopa.

Mama Rustika kafikiri sana. Halafu: "Wanasema mwanangu ni mtu wa nje. Sasa nikienda kuwaita wa nje, si nitakuwa nimewatilia sahihi?"

Mzee Ngollo kavua kofia.

Kisha Mama kaniuliza mimi. "Wewe ulikuwepo. Walisemaje?"

Nikamwambia: walisoma madigadi, Mama. Walisoma tu.

"Neno moja?"

Neno moja.

Kanibariki! Kaniwekea mkono kichwani kwa kusimama mbele ya bunduki. Mkono wake unanuka mkaa. Nimejiosha na bado.

Ijumaa, 7 Novemba

Pikipiki imepatikana.

Mama Rustika kapigiwa simu, namba haionekani: nendeni mkachukue chombo chenu. Tumeikuta kwenye uwanja wa pikipiki zilizokamatwa, imeegeshwa vizuri, hata kofia ipo. Hakuna swali. Kijana wa getini kasema yeye ni wa vyombo tu, watu hawamhusu.

Nimeiwasha. Ikakohoa. Mama Rustika akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Pikipiki imerudi. Sukari ilirudi. Bibi sijamwambia. Najua atanitazama vipi.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama Rustika kaniomba nifute lile neno. Hataki Irakoze akitoka alikute. Kasema "akitoka".

Nimefuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kitambaa. Njano ikatoka. Nyekundu ikatoka. Nikasuuza kwa sabuni. Nikaweka juani — R ile pale! Rangi imetoka lakini mpira umeiva chini yake, herufi zote zinasomeka, nyeusi juu ya nyeusi. Nimerudia na petroli. Nimekwangua na kisu. Sasa zimeingia ndani.

Nimepaka rangi nyeusi juu. Ikikauka, ukiinama upande mmoja, unasoma.

Jioni kaja mteja anataka MAMA ASANTE. Nimeanza na R. Mteja kaniuliza umelewa? Nikamrudishia chake.

Mimi, fundi wa kuanzia Gongoni hadi Ujiji.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua ya kwanza. Nilitegemea itasaidia — madigadi yako nje. Haijasaidia.

Baada ya misa Mama Rustika kaja na habari. Padre kampata wakili, anajitolea. Wakili anasema kuna tumaini kama yupo shahidi. Anataka mtu aliyekuwepo kizuizini aseme yote, nani alisema nini, neno kwa neno. Kama ni kosa la kusoma vibaya, linasahihishwa. Kama kuna jambo lilisemwa, alijue kwanza yeye. Tunaondoka sasa hivi, yuko parokiani anasubiri.

Kijiwe chote kinajua. Idrisa kaniazima shati. Mzee Ngollo kanishika bega kasema, "Kijana, simama kama ulivyosimama siku ile."

Nimeingia ndani kubadilisha shati. Nimekaa kitandani naandika.

Siku ile sikusimama.

Jumamosi ile ya kizuizi niliandika kwamba yule wa miwani alizunguka nyuma, akasoma. Alizunguka, ndiyo. Alitazama. Neno hakulijua, si mtu wa huku. Alikuwa anageuka aende zake. Ni yule mtani wangu, Mzaramo, aliyeniuliza huku anacheka: "Mpagazi, rugaruga ndiyo nini?"

Na mimi najua mambo. Lazima watu waone kwamba najua.

Nikasema: "Mamluki hao, mtani! Huyu Mrundi tumemkodi Bujumbura, kaja kutuondolea nyie!"

Mtani alicheka. Alijipiga paja! Irakoze naye alicheka, akaongeza, "Na mafuta hawajaniwekea." Tulicheka watatu. Ulikuwa utani mzuri, mzuri kuliko wote niliowahi kuufanya.

Yule wa miwani si mtani wa mtu. Akageuka. Akasema, rudia.

Sikurudia. Sikusema ni utani. Sikusema ni raia, sikusema nichukueni na mimi. Bunduki hazikunielekea hata moja. Irakoze alinitazama akiwa na kicheko bado mdomoni, anasubiri niseme tu, afande, tunataniana. Maneno mawili. Mtani akawa anatazama viatu vyake. Mimi nikashika mfuko wa sukari.

Nikiyasema haya parokiani, huenda atatoka. Au nitaingizwa alipo. Au yote mawili, tupishane mlangoni.

Nisipoyasema nabaki yule wa bunduki nne.

Mvua inapiga bati. Nje pikipiki imewashwa, Idrisa anaipasha moto atupeleke. Inakohoa.

Mama Rustika yuko mlangoni, anaita kwa upole. "Mhoja, mwanangu, usiogope. Utasema tu ulivyoona. Walivyosoma."

Hawakusoma. Niliwasomea mimi.