Shombo Hataki Kula

Jumamosi, 2 Rajabu

Nimepika wali, nimechemsha kamba, nimemwekea Shombo wake kwenye kifuu. Kanusa, kageuza uso. Kama jana na juzi.

Paka huyu si wangu. Ni wa Siwema, mke mwenzangu. Siwema kaenda kwao Mchukwi, bara upande wa Kibiti, kumuuguza baba yake, na tangu aondoke hapa Salale paka analala mlangoni kwake na hali kitu. Nilidhani deko. Paka aliyetafuniwa samaki kama mtoto, mnene mpaka tumbo linagusa chini. Nikasema njaa itamfunza.

Mfaume, mume wetu, anashinda mikokoni anakata boriti. Naye kasema mwache, paka hafi njaa penye samaki.

Jumapili, 3 Rajabu

Katapika povu la manjano juu ya jamvi langu. Nimesugua kwa hasira.

Wanaotoka kusini wanasema Wamatumbi wameng'oa pamba ya Mdachi na sasa ni vita. Wana maji ya dawa. Ukiyanywa, risasi inageuka matone. Mfaume kayasikiliza yote, kisha kauliza vita imefika wapi. Sikulipenda swali hilo.

Jumanne, 5 Rajabu

Leo nimemshika Shombo nimtazame sawasawa. Mwepesi. Mgongo umetoka mifupa. Ndani ya masikio manjano, fizi manjano, weupe wa macho nao vilevile.

Nimemwita Bi Tatu, jirani yangu, mkunga. Nilidhani atanicheka kwa kumwitia paka. Kamfunua mdomo, kamtazama.

"Ini hilo," kasema. "Nimeona watu wazima na watoto wachanga wakiwa hivi."

"Akipata njaa si atakula?"

"Njaa haitamjia, Zena. Asipokula ini linazidi kuugua, na likizidi kuugua ndivyo asivyotaka kula. Mlishe wewe, au mwache afe. Usikae katikati."

Nimekaa katikati mpaka alasiri. Kisha nimetwanga mkizi kwenye kinu kidogo, nikachanganya na maji yake ya kuchemshia, nikachuja kwa kitambaa. Nimechovya mwanzi mwembamba, nikaziba juu kwa kidole, nikamtilia pembeni mwa mdomo. Kameza kidogo. Kingi kimeishia kwenye kanga yangu.

Kanikwaruza mkono wa kushoto. Unawaka.

Jumatano, 6 Rajabu

Asubuhi kidogo. Adhuhuri kidogo. Katapika. Nikangoja, nikampa tena, kidogo zaidi. Hicho kimebaki.

Namfunga kwenye kanga kuukuu, kichwa tu nje, nambana magotini. Ananitazama kama mwizi aliyemkamata. Nami simpendi. Namlisha tu.

Ijumaa, 8 Rajabu

Askari wa Mdachi wamepita barabara ya Kibiti. Vijiji vingine vimechomwa, na maghala ya mpunga pamoja navyo. Watu wamekimbilia porini. Aliyeleta habari ni mchukuzi wa boriti kutoka Nyamisati. Mfaume kamuuliza juu ya Mchukwi. Hajui. Kamuuliza mara ya pili, kwa namna nyingine. Hajui.

Usiku Mfaume kala kwangu lakini macho yake yapo kwenye mlango wa Siwema. Nimeona wivu. Halafu nimeona aibu kumwonea wivu mtu ambaye huenda yuko kichakani bila maji.

Nimempa Shombo mara tano leo. Hakutapika.

Jumatatu, 11 Rajabu

Mfaume kaondoka. Atavuka kwa mtumbwi mpaka Nyamisati, kisha kwa miguu mpaka Mchukwi. Nilimwambia ukweli: askari wakimkuta njiani watadhani ni wa maji, na wa maji wakimkuta watamwuliza mbona hakunywa.

"Ni mke wangu," kasema.

"Najua. Sikukwambia usiende. Nimekwambia unakokwenda."

Nimemfungia wali na samaki mkavu. Kashika mkono wangu wenye makwaruzo, kautazama, kauachia. Kaenda.

Alhamisi, 14 Rajabu

Shombo mbaya. Anatoa ute mdomoni, kichwa kakiegemeza ukutani. Mkojo wake kama bizari. Nimemwita, hata sikio halikutikisika.

Nimekaa naye kutwa nzima. Kidogo, kidogo. Nimempanguza mdomo kwa maji ya uvuguvugu. Maji matamu yamebaki robo mtungi na sikwenda kuteka. Nyumba haijafagiwa.

Habari za Mfaume hakuna, wala za Siwema.

Nimelia. Sijui nilikuwa namlilia nani kati ya watatu hao.

Jumamosi, 16 Rajabu

Bado yupo. Nilipoamka niliweka kiganja ubavuni kwake kabla sijafungua macho vizuri. Unapanda, unashuka.

Bi Tatu kaja. Kuna mashua inapeleka wanawake na watoto Mafia. Mwenye mashua ni mkwe wake, na nafasi yangu ipo. Hapa hapajaguswa, lakini nani ajuaye. Wanaume wanakamatwa wabebe mizigo ya askari, na nyumba isiyo na mwanamume si nyumba salama.

Nikamwuliza juu ya paka.

"Mashua imejaa watoto, Zena. Nitamwambia nini mkwe wangu?"

Hana kosa. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo.

Jumapili, 17 Rajabu

Mashua imekwenda. Sikupanda.

Niandike sawasawa nisije nikajidanganya baadaye. Sikubaki kwa ajili ya paka. Nimebaki kwa sababu Mfaume na Siwema wakirudi lazima wakute mtu na moto jikoni. Lakini kama paka asingekuwapo, sijui.

Bi Tatu naye hakwenda. Kuna wajawazito wawili karibu kuzaa upande wa chini wa kijiji. Kanipitia jioni, hatukuongea habari za mashua.

Jumanne, 19 Rajabu

Nimetia mwanzi mdomoni, Shombo kaulamba mwenyewe. Mara moja tu. Nikangoja arudie. Hakurudia.

Nimemweleza Bi Tatu kama mtu anayetangaza harusi.

Jumamosi, 23 Rajabu

Masikio yamepungua manjano. Nimemtoa nje kwenye mwanga nihakikishe. Kweli yamepungua.

Anakunywa mchuzi kwenye kifuu nikimshikia. Nisipomshikia hanywi. Nimekuwa mtumwa wake.

Wamepita watu wawili kwa mtumbwi, mtu na dada yake, kutoka ng'ambo. Mwanamume kafungwa kitambaa begani. Alikunywa maji, na risasi ikabaki risasi. Hakulalamika. Kasema labda alivunja mwiko bila kujua. Nimewapa wali na dada yake kala kwa mikono miwili. Siwema hawamjui.

Jumatano, 27 Rajabu

Miraji. Msikitini watu wachache, kisomo kifupi. Nimewaombea wawili walio njiani. Nimemtaja Siwema kwanza, bila kukusudia.

Sikumpenda alipoletwa. Si siri, hata yeye anajua. Tumeishi uani tukipishana kama ndoo mbili kisimani. Sasa chumba chake kimefungwa, namsikia hayupo.

Alasiri nimeanika samaki juu ya chanja. Nimegeuka, mmoja hayupo. Shombo chini ya chanja, mgongo wake kwangu, anakula. Anatafuna mwenyewe, na mifupa inalia menoni mwake.

Sikumfukuza. Nimekaa chini hapohapo kwenye tope.

Jumamosi, 30 Rajabu

Wamekuja.

Nilikuwa kisimani. Nimeona watu wawili wanatembea ukingoni, mmoja kwa fimbo, nikawadhania wazee. Mwenye fimbo ni Mfaume. Askari walimkamata karibu na Nyamisati, wakambebesha mizigo mpaka Kibiti. Mabega yote mawili yamechunika. Walipomwachia hakurudi nyuma, kaendelea mpaka Mchukwi. Siwema alikuwa porini na wanawake wa huko, wanachimba mizizi ya kula.

Baba yake kafa, si kwa risasi, ni ule ugonjwa wake. Wamemzika porini, bila sanda. Kaka yake alikwenda na watu wa maji. Hajaonekana.

Nimechemsha maji waoge. Nimewapikia uji. Siwema hakuuliza juu ya Shombo. Nikaelewa anaogopa jibu.

"Yupo," nimemwambia. "Aliugua ini. Sasa anaiba."

Kanitazama usoni, kisha mikononi, makwaruzo mapya juu ya makovu. Paka katoka jikoni, kanusa miguu yake muda mrefu, kapanda mapajani. Siwema kamfunika kwa kanga yote, kainama. Nimewaacha.

Jumatano, 4 Shaabani

Mabega ya Mfaume yanakauka. Kalala kutwa. Bi Tatu kamzalisha mjamzito wa kwanza, mtoto wa kike.

Asubuhi nimeamka nikatwanga mkizi, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa, ndipo nikakumbuka hakuna wa kulishwa. Shombo tangu alfajiri yuko ufukweni anangoja wavuvi.

Siwema kanikuta nimesimama na kile chungu.

"Cha nani?" kauliza.

"Mazoea tu."

Kachukua sinia, kapakua wali wa jana, kaumwagia mchuzi wote juu. Kakaa upande mmoja, kanisogezea upande wa pili. Miaka yote hii kila mmoja alikula kwake. Mchuzi haukuwa na chumvi. Tumeula wote.