Wazazi Wasiopenda Ufundi

Jumatatu, 4 Machi
Warsha imekwisha salama. Nimesimama mbele ya ukumbi mzima na kusema bila kupepesa macho: wanaoua elimu ya ufundi ni wazazi. Wanaona chuo cha ufundi ni jalala la waliofeli. Makofi! Mkurugenzi wa taasisi yetu ameapa kwamba mama mmoja alifuta machozi. Awamu ya pili ya utafiti imepitishwa. Tutawapigia simu wazazi wenyewe. Maswali nayatunga mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Binti yangu hataki kusoma sheria. Chuo kikuu kimempokea, tumeshashangilia, wifi yangu keshaanza kumwita "mheshimiwa" — naye leo mezani, huku anamenya chungwa, anasema anakwenda chuo cha ufundi. Kuchomelea vyuma!
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nani kakutia maneno hayo?
"Wewe, mama. Nimesoma ripoti yako. Yote."
Yote! Hata mkurugenzi hajaisoma yote.

Jumanne, 12 Machi
Nimemweleza taratibu kwamba ripoti inazungumzia vijana kwa ujumla. Akauliza yeye ni nani kama si kijana kwa ujumla. Baba yake akachekea ndani ya kikombe.
Nikasema macho yataharibika. Mikono itaungua. Na mwanaume gani atakaye... nikaishia hapo. Sentensi hiyo naijua. Ipo kwenye ripoti, chini ya "Dhana potofu".
"Malizia tu, mama. Ukurasa ule naukumbuka."

Jumapili, 17 Machi
Wifi kaja. Hajakaa hata vizuri, anauliza mheshimiwa anaanza masomo lini. Nikawahi: kaahirisha kidogo, anapumzika. Uongo umetoka laini kama umepakwa mafuta.
Binti akainuka, akaenda chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Jumatano, 20 Machi
Kumbe keshajiandikisha! Baba yake ndiye aliyempeleka. Mimi nikijua wamekwenda kununua viatu. Na kweli walinunua viatu — vya chuma mbele.
Nikamwuliza mume wangu kwa nini hakuniambia.
"Ungenipa takwimu," akasema.
Sijamsemesha tangu asubuhi.
Jioni nikamwona binti uani, kavaa ovaroli mpya, anajitazama kwenye kioo cha dirisha. Anageuka huku, anageuka kule. Ovaroli limempwaya. Sijawahi kumwona anajitazama hivyo na gauni lolote nililomnunulia. Nikarudi ndani kimyakimya asije akajua nimemwona.

Jumatatu, 25 Machi
Kaungua kidole. Kidogo tu. Nilikuwa na la kusema, na lilikuwa tayari mdomoni. Nikampaka dawa. Akaniangalia akingoja. Sikusema. Naona huo nao ni ushindi, ingawa sijui wa nani.

Alhamisi, 28 Machi
Tulikuwa mezani. Simu ya mume wangu ikaita, akaiweka spika. Sauti laini, ya kubembeleza... Mungu wangu! Msaidizi wangu wa utafiti! Chuo cha binti kimo kwenye sampuli. Kura ya kuchagua vyuo niliipiga kwa mkono wangu. Na huyu dada hajui kapigia nyumba ya nani.
"Hayo muulize mama yake," akasema mume wangu, akanisukumia simu. Uso mkavu kabisa. Nitamkomesha.
Nikabana pua, nikabadilisha sauti. Umri, nikajibu. Kazi? Ya ofisini, nikasema. Binti kaacha kula, kanikodolea macho.
"Sasa, mama, ndugu na majirani wakikuuliza mwanao anasoma nini, huwa unawajibuje?"
Swali zuri. Mkurugenzi alilisifu sana.
Nikasema ngoja nichukue miwani. Miwani, kwa ajili ya kuongea na simu! Nipo chumbani sasa, mlango nimeufunga, naandika haya.
Binti anagonga.
"Mama, hajakata. Anasema kaelekezwa mzazi akikwepa asimwachie."
Ndivyo nilivyomfundisha.
"Mama? Anasubiri."
Nasikia kijiko cha mume wangu kimeacha kugonga sahani.
"Hata mimi nasubiri, mama."
Miwani nimeshaivaa. Nimeshika kitasa —